Nani Ameshika Skrini?

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa tena! Skrini ya chumba cha kungojea hapa kliniki ya meno ni moja, kompyuta yake moja, programu mbili: yangu ya matangazo, na ya Bi Namba, anayeita wagonjwa. Iliyoshika skrini ndiyo inayoonekana. Nyingine inaendelea na kazi gizani mpaka mwenzake aachie. Sawa. Lakini Bi Namba anashika dakika tisa, mimi naachiwa moja! Na Ijumaa Daktari Mkuu anachagua msimamizi wa skrini. Kwa dakika moja ataona nini changu? Isitoshe, jino la nyuma limeanza kuuma. Ni huyu huyu mama ananipandisha presha.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea Daktari Mkuu kwa heshima zote, nikamweleza kuwa kipaza sauti cha kuitia namba kinawatia wagonjwa hofu. Kikazimwa! Kasema namba zikionekana kwenye skrini yatosha. Bi Namba akauliza nani kaleta wazo hilo. Nikatazama dirishani.

Dada yangu, ninayekaa kwake, anashangaa nahangaika na jino huku nafanya kazi kwa wang'oaji. Nikamwambia foleni ya Bi Namba sipangi ng'o, hata nibaki kibogoyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Kwenye mipangilio ya programu yangu kuna kisanduku: "Usiachie skrini." Miaka miwili kipo, sikukiona. Ijumaa asubuhi nakitia alama. Tangazo tayari, herufi nyekundu, kubwa: WAGONJWA WAPENDWA, ENDELEENI KUANGALIA NAMBA ZENU KWENYE SKRINI HII.

Ijumaa, 7 Machi

Shavu limevimba. Chai nimeinywa kwa mrija. Saa mbili nikatia alama, tangazo likatanda. Kwa nini sikuzaliwa mkurugenzi?

Saa mbili na robo jino likanishinda. Nikachukua namba mlangoni kama mtu baki. 31. Nikaketi, nikatazama skrini. Tangazo linatuomba tutazame skrini. Tukatazama. Watu arobaini, shingo zimekakamaa. Mzee jirani yangu akauliza hizo namba zenyewe ziko wapi. Nikamwambia avute subira. Machozi yalikuwa yananitoka.

Ningeachia skrini, ningeitwa, jino litoke, ila Daktari Mkuu angekuta namba za Bi Namba. Nisipoachia, cheo ni changu. Anafika saa tatu. Nikajikaza. Saa tatu kasoro dakika tano nikasalimu amri, nikakimbilia ofisini, nikafuta alama.

Skrini ikaonyesha 54.

Hamsini na nne! Kumbe muda wote programu yake ilikuwa inaita gizani, na asiyeingia ndani ya dakika moja anaandikwa hakufika. Mimi sikufika! Nilikuwa nimekaa pale pale! Mle ndani daktari wa meno anapigapiga mswaki kwenye kiti kitupu, anadhani wagonjwa wamemwogopa.

Hapo hapo Daktari Mkuu akaingia. Bi Namba akatoka, akatazama skrini, akanitazama mimi na namba 31 mkononi mwangu, akatazama kipaza sauti kilichozimwa. Akaanza kuita upya kwa sauti yake mwenyewe, kuanzia moja, watu wakamwitikia kama mama yao. Akaita zote. 31 akairuka. Akasema huyo anajijua, apange foleni Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Jino limetoka. Nilikuwa wa 64. Bi Namba kapewa usimamizi! Mtu aliyekaa tu ndani akibonyeza! Dada akaniambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima kipi? Mimi nimetia alama kwenye kisanduku.

Nimehamishiwa skrini ndogo ya ukumbi wa nyuma, karibu na choo. Basi angalau niwe peke yangu? Wapi! Nashirikiana na programu ya saa. Kila dakika inaninyang'anya skrini kutuambia dakika imepita, utadhani kuna aliyeuliza! Ujeuri mtupu. Nimeangalia mipangilio. Kisanduku kipo. Nimekwisha kitia alama.

Daktari wa meno anasema jino la pili nalo limeoza. Nirudi kesho saa nne kamili, nikichelewa ananipa mwezi ujao. Sina wasiwasi. Nitakaa chini ya skrini yangu nisubiri saa nne ifike.