Mtandao wa Hatua Sitini

(Hotuba ya Mheshimiwa Efraimu Nnko, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Tehama, Miundombinu Laini na Mambo Mtambuka, Kata ya Mringaringa Juu, Meru, siku ya uzinduzi wa mtandao usiotumia waya kati ya ofisi ya kata na zahanati.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma mwakilishi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati yangu mliokaa meza kuu na mliokaa karibu na meza kuu. Watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, mabalozi wa nyumba kumi. Baba Mchungaji na Mama Mchungaji. Wazee wa kanisa, wazee wa mila na wazee wa kawaida. Kwaya ya akina mama iliyotuimbia nyimbo nne wakati ratiba ilisema mbili. Wataalamu, wadau, wadau wa wadau, na ninyi wananchi mliosimama juani kwa sababu turubai limeishia kwa wataalamu: Bwana Yesu asifiwe. (Amina.) Tumsifu Yesu Kristo. (Milele, amina.) Asalaam aleikum. (Sauti moja: Waaleikum salaam.) Wazee wangu, shikamooni. (Marahaba.) Na kwa wale ambao bado hawajafikia umri wa kuamkiwa, mambo. (Poa.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, naweza kusema bila kujisifu, hakuna kiongozi mwingine wa kata hii aliyewahi kuufikia. (Makofi, meza kuu.) Leo tunaandika historia, na kwa kuwa historia hiyo ni ndefu, naomba wenye viti wakae vizuri na wasio na viti waegemee wenzao.

Kama mnavyofahamu, hapa kwetu bondeni mnara wa simu hautuoni, na mtu akitaka kutuma hata picha ya ndama lazima apande mpaka kule kilimani kwenye kanisa. Ofisi yangu ya kata, kwa juhudi zangu binafsi, ilipata kisanduku cha mtandao wa satelaiti miaka mitatu iliyopita. Zahanati haina. Kati ya majengo haya mawili kuna hatua sitini kwa mguu wangu, na katikati pana kihamba cha Mzee Aminiel, migomba juu na kahawa chini. Sasa basi, mwenye kadi ya bima akifika zahanati, kadi ile lazima ihakikiwe mtandaoni ndipo apewe dawa, na kwa hiyo Nesi Elinipa hukusanya kadi zote, huvuka kihamba, huja kwenye kompyuta ya ofisini, huhakiki, kisha hurudi nazo. Ofisi ikiwa imefungwa, na ofisi hufungwa kila ninapokuwa safarini kwa maslahi yenu, wagonjwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Hilo liliniuma sana. Liliniuma katika kila safari.

(Nesi Elinipa, kutoka nyuma, kadi mkononi: "Mheshimiwa, samahani. Leo nina wagonjwa kumi na mmoja pale kwenye kibaraza cha zahanati. Bibi Elizabeth hii ni mara ya tatu anakuja, na dawa zake za presha ziliisha Jumapili. Si ofisi ifunguliwe kidogo tu?")

Nesi, nakushukuru kwa takwimu hizo, na naomba katibu azinukuu. Ofisi leo imefungwa kwa heshima ya uzinduzi, maana haiwezekani tukazindua njia mpya huku watu wanaendelea kupita njia ya zamani. Bibi Elizabeth, shikamoo mama yangu, tunakuona hapo kibarazani, tunakupungia mkono. (Bibi Elizabeth hapungi.)

Ndugu wananchi, mtu asiye na uelewa mpana anaweza kudhani kwamba kuvusha mtandao hatua sitini ni jambo la siku moja. Hapana. Tulianza na upembuzi yakinifu, tukaja na upembuzi wa ule upembuzi, tukaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo, kwa umahiri ambao sijawahi kuuona, ikakaa vikao arobaini na viwili na kula loshoro, yale makande yetu ya mtindi, katika vyote. (Kicheko.) Wataalamu walitueleza kwamba wimbi la mtandao likipita kwenye migomba huchoka, kwa sababu mgomba una maji mengi, na tukatumia robo mwaka nzima kujadili kama tulipumzishe katikati. Mzee Aminiel naye, kama mwenye eneo, alitaka kujua kama wimbi hilo litaangusha maua ya kahawa. Tukamwita mtaalamu wa kahawa, akasema hajui mambo ya mawimbi. Tukamwita mtaalamu wa mawimbi, akasema hajui kahawa. Tukawakutanisha katika warsha ya siku tatu, na kwa pamoja wakasema hawajui. Huo ndio uongozi shirikishi. (Makofi, meza kuu.)

Hatukuishia hapo. Kamati ilifunga safari ya mafunzo hadi Maji ya Chai, ambako tulisikia kwamba mama mmoja anayeuza chakula, Mama Naisiae, anatumia mtandao mmoja na gereji ya jirani yake. Tulifika wajumbe kumi na wanne, tukiwa na madaftari. Tukamwuliza mama yule: ulitumia teknolojia gani? Akajibu, huku anageuza chapati, "Nilimpa nenosiri, baba." Tukamwuliza andiko la mradi liko wapi. Akauliza kama tutakula au tumekuja kumzuilia wateja. Wajumbe walirudi wamesikitika sana, na katika ripoti yetu tuliandika kwamba mbinu ya Maji ya Chai ni nyepesi mno na haikidhi vigezo vya kata yenye hadhi kama yetu. (Sauti kutoka juani: "Kwani kuna ubaya gani kumpa nesi nenosiri?")

Nani huyo? Fundi Simel, nilijua ni wewe. Simel, wewe unatengeneza redio, na redio anasikiliza kila mtu. Hili ni suala la usalama, na nitalifikia.

Niruhusuni kwanza nitaje mafanikio, kwa sababu yapo. Katika miaka mitatu tumesogea wastani wa hatua ishirini kwa mwaka, kasi ambayo kamati yangu imeithibitisha kuwa kubwa kuliko ya kata yoyote tuliyoamua kujilinganisha nayo. Asilimia mia moja na nne ya walengwa wamehamasishwa. Ile nguzo mnayoiona pale, yenye ungo juu yake, imesimama wima tangu asubuhi. Na utepe huu mwekundu, ndugu zangu, si utepe wa kawaida: nimeagiza uanzie kwenye mlango wa ofisi na ufike hadi kwenye mlango wa zahanati, hatua sitini kamili, ukipita juu ya migomba ya Mzee Aminiel, ili mtu mwenye shaka aone kwa macho yake kwamba majengo haya sasa yameunganishwa. Naweza kutamka bila kigugumizi kwamba hadi saa hii utepe umefika. (Kicheko kirefu. Mzee Aminiel anatikisa kichwa.)

Sasa nalifikia suala la usalama. Wapo wanaosema, Mheshimiwa anabania nenosiri. Ndugu zangu, nenosiri si sukari ya kuazimana. Huko duniani kuna wadukuzi, watu wenye elimu, wanaokesha kwenye kompyuta wakitafuta jinsi ya kuingia Mringaringa Juu. Mafundi walipoleta kile kisanduku waliniuliza tuweke nenosiri gani, na mimi, kwa busara ambayo mnaifahamu, sikuchukua muda. Sikuweka moja mbili tatu nne kama wanavyofanya watu wa kawaida. Nilisema liwe jina langu la ubatizo, herufi ndogo zote, likifuatiwa na mwaka niliopata kipaimara. (Wananchi wanatazamana.) Nawauliza, kuna mdukuzi gani ng'ambo anayejua mimi nilipata kipaimara mwaka gani? Hayupo. Hilo nenosiri halivunjiki. Mafundi wenyewe walinipa mkono.

(Mama Magreth, kutoka kwenye kwaya: "Themanini na tano. Tulikuwa darasa moja. Wewe ulishindwa kuikariri Amri ya Saba, ile ya usiibe, mwinjilisti akakurudisha nyuma ya mstari.")

Mama Magreth, tafadhali sana. Kwanza niliikariri baadaye. Pili, mwaka huo ni siri ya serikali. (Baba Mchungaji: "Upo kwenye kitabu cha usharika, Mheshimiwa. Na picha yenu imetundikwa mlangoni.")

Baba Mchungaji, naheshimu kumbukumbu za kanisa, ila naomba tusizichanganye na tehama. Tuendelee. (Wananchi wote wanainamisha vichwa.) Nafurahi kuona mmeinamisha vichwa kwa tafakuri. Ni mara chache hotuba inamgusa mwananchi kiasi hiki. (Simu moja inalia kwa ujumbe. Inafuata ya pili. Zinafuata nyingi kwa pamoja. Inalia ya Baba Mchungaji.) Naomba tuzime simu, jamani, tuko kwenye shughuli ya kitaifa. Mjumbe Eliasi, hata wewe, meza kuu? Unacheka nini? Picha za mjukuu utaziangalia baadaye.

Nesi, unakwenda wapi kabla ya utepe kukatwa? Nesi Elinipa. (Nesi Elinipa anainama, anapita chini ya utepe, anavuka kihamba mbio, kadi kumi na moja mkononi, anaingia zahanati.) Katibu, andika kwamba nesi ametoka ukumbini bila ruhusa, ingawa ukumbi wenyewe ni uwanja. Ndugu wananchi, awamu ya pili ya mradi, itakayoanza mara baada ya awamu ya kwanza kutathminiwa, itahusisha ununuzi wa kifaa cha kisasa cha kurushia mawimbi, kifaa cha kuyadaka, na kikundi kazi kitakachokaa katikati kuyasindikiza yasije yakapotelea kwenye...

(Nesi Elinipa, kibarazani, ameinua kishikwambi cha zahanati: "Imefika. Jamani, huku imefika. Mistari yote imejaa.")

Imefika nini? Haiwezi kufika, hakuna kitu kilichounganishwa. (Kicheko. Katibu anamnong'oneza Mheshimiwa kwa muda mrefu.) Naam. Naam. Katibu ananiarifu, kwa lugha ambayo tutaijadili naye baadaye, kwamba mawimbi ya kile kisanduku cha ofisini yamekuwa yakifika zahanati yenyewe tangu siku ya kwanza. Yanapita migombani kama mbuzi wa Mzee Aminiel, bila kibali cha mtu. Miaka mitatu yamekuwa yakifika pale na kusubiri nenosiri.

(Nesi Elinipa, kwa sauti: "Bibi Elizabeth, kadi yako imekubali. Njoo mama, dawa zako hizi hapa." Bibi Elizabeth ananyanyuka na mkongojo wake, anageuka, na sasa anaupungia mkutano mkono. Makofi yanaanzia kwa waliosimama juani, yanaingia chini ya turubai, yanafika meza kuu. Kwaya inaanza wimbo wa tano.)

Asanteni. Asanteni sana. Hayo makofi nayapokea kwa niaba yangu na kwa niaba ya kamati. Nilijua nikilitaja nenosiri hadharani kwa wakati mwafaka, tena kwa njia ya mafumbo, wananchi wangu wataelewa, na ndiyo maana nililitaja. Simel, usicheke. Kwa pamoja tuseme: hatua sitini! (Wachache: Hoyee.) Mawimbi kwa wote! (Wengine wako kwenye simu.) Mringaringa Juu ya kidijitali! (Baba Mchungaji: Amina.)

Kabla ya kushuka jukwaani naomba nitoe shukrani. Nakushukuru Mzee Aminiel kwa kutuazima ungo wa televisheni yako, ambao haukuunganishwa na chochote, na nakuahidi utakuwa juu ya bati lako kabla mpira haujaanza. Nguzo tumeitoa kwenye zizi la Mzee Lesikar, na naambiwa ng'ombe wake yuko nje tangu asubuhi, atakayemwona amrudishe. Utepe ni mali ya kwaya, wanauhitaji kwa harusi ya Jumamosi, kwa hiyo hatutaukata, tutaukunja. Na andiko la mradi, ambalo wengi mmekuwa mkiliulizia, lipo, liko salama mezani kwangu, limekuwa likisubiri saini yangu kwa miaka hii mitatu, na leo hii nilikuwa nimekusudia kulisaini. Kwa hiyo, ndugu wananchi, kwa mradi ambao ulikuwa bado haujaanza, nawashukuru kwa dhati kwa kuumaliza.