Kofia Isiyovuja

Jumatatu, 13 Januari

Nimeamua kuoa tena. Nimemchagua Sabina Machaca, mjane wa upande wa pili wa kisiwa, mwenye kicheko kinachosikika hadi gatini. Yeye amekubali. Tatizo ni baba yake.

Mzee Celedonio amepita miaka themanini na bado anapima kofia. Hapa Taquile, kisiwani kwetu, mwanamume hufuma kofia yake mwenyewe, na baba wa mwanamke huijaza maji. Ikivuja, harusi hakuna. Nilimkumbusha kwa heshima kwamba sheria hiyo ni ya vijana, na kwamba mimi ni mgane mwenye wajukuu. Akasema basi nimekuwa na muda mwingi wa kujifunza.

Marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa yatima. Kofia yangu ya ujana haikupimwa na mtu. Wakati ule niliona ni bahati.

Nimepewa hadi katikati ya Machi, ili tuwahi Mei, mwezi ambao kisiwa kizima huozesha.

Sabina amenipa uzi aliousokota mwenyewe tangu mavuno. Sufu ya kondoo wake, nyekundu, nyembamba, imebana kama uzi wa gitaa. Alisema nifume polepole tu, uzi wenyewe utanisaidia. Nimeguswa. Nimemwahidi kofia ambayo kisiwa hakijapata kuiona.

Alhamisi, 16 Januari

Uzi ni mwembamba mno. Nimefuma tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, na nilichopata kingetosha kuwa pete. Vitanzi sivioni. Kwa mwendo huu nitaoa nikiwa na umri wa Mzee Celedonio.

Akapita Nazario Marca, mgane mwenzangu, akifuma huku anatembea, uzi umezungushwa shingoni, bila hata kuitazama mikono yake. Tabia ya kujionyesha. Tukabadilishana majani ya koka kama ilivyo ada. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia najipumzisha. Akauchukua uzi wangu, akaupitisha katikati ya vidole kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa macho hayo, mzee mwenzangu? Utaanza kofia umalizie sanda."

Akanieleza kwamba ana mabonge mawili makubwa ya uzi wa dukani, kutoka mjini Puno, mwekundu pia, mnene kama kidole cha mtoto. Tubadilishane.

Bonge moja dogo kwa mawili makubwa! Nilikubali papo hapo, nikajizuia kucheka mbele yake. Maskini Nazario. Hajui biashara.

Jumamosi, 1 Februari

Kazi inakwenda kwa kasi. Wengine hurudia nyota na maua yale yale ya babu zao. Mimi nimebuni urembo wangu mwenyewe. Ni ndege mweusi wa ziwani mwenye kishungi, yule ambaye Sabina hupenda kumtazama kwenye matete. Nimempanga kuizunguka kofia nzima. Sijamwambia Sabina. Nataka amwone mwenyewe.

Nahodha wa mashua ya Puno amemtazama ndege wangu, akasema birika limetoka vizuri. Nimekifuma upya kishungi. Sasa watu wanaona birika linalochemka.

Habari mbaya. Nazario naye amepeleka posa kwa Mzee Celedonio, na anafuma mchana kutwa. Mzee ameamuru kofia zote mbili zipimwe siku moja. Nilijiuliza Nazario anafuma kwa uzi gani. Kisha nikaliacha swali hilo, kwa kuwa jibu lake halikunipendeza.

Jumanne, 18 Februari

Kofia imekwisha. Nimeijaribu faraghani, nyuma ya zizi. Maji hayakukawia. Yaliingia juu, yakatoka chini, yakaendelea na safari yake. Makubazi yangu yamelowa.

Mtu mwingine angefumua. Mimi nilifikiri. Nilichemsha viazi hadi maji yake yakawa uji mzito, nikaloweka kofia, nikaianika ukutani. Ilikauka ikawa ngumu kama chungu. Nikaigonga, ikalia. Nikaingia ndani kujipongeza.

Alasiri ikanyesha mvua. Nilipotoka, kofia ilikuwa imerudi kuwa uji, na kondoo wangu alikuwa ameshamaliza kishada cha ncha na kuanza ndege wa kwanza. Yeye peke yake hakulalamika kwamba ni birika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata. Kofia ndani ya kofia.

Ile ya kwanza nimeiziba pale kondoo alipofikia. Ya pili nimeifuma nyepesi, ya kukaa ndani kama bitana. Katikati yake nimeweka mfuko wa plastiki, ule mnene wa sabuni ya unga, usio na tundu hata moja. Nimeusuuza ziwani. Mara moja, mimi si mtu wa kurudia kazi. Ukingo nimeushona kwa uangalifu mkubwa, hata jicho la mkwe halitaona kitu.

Nimeijaza maji taratibu, nikaitundika, nikanywa chai, nikarudi. Hakuna tone. Nilijiona kijana.

Nazario alipita akaniuliza kinachonifurahisha. Nikamwambia ataelewa Jumapili.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa, uani kwa Mzee Celedonio. Watu walikuwa wengi kuliko kanisani.

Nazario alitangulia. Mzee akamimina maji, akaiinua kofia kwa mikono miwili, akazunguka nayo ua mzima huku akichechemea, kama kawaida yake. Yakadondoka matone mawili matatu. Mzee akaguna. Kwake yeye, kuguna ni hotuba. Sabina akaipokea kofia, akaupitisha uzi katikati ya vidole. Akasita. Akaupitisha tena. Kisha akanitazama. Nikatazama ziwa.

Ikafuata yangu. Maji yakaingia. Hakuna tone. Watu wakasogea karibu. Nazario akainama kuchungulia kwa chini. Mzee akasema tangu azaliwe hajaona kofia kavu namna hii, akaiinua, akaanza kuzunguka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuufikiria mguu wake. Kila hatua aliyochechemea, kofia ilitikisika. Alipofika mlangoni, povu lilikuwa limefika ukingoni. Alipofika zizini, lilikuwa limemfunika mikono. Aliporudi mbele yangu lilikuwa jeupe juu ya wekundu wa kofia, kubwa kama mwanakondoo, na lilinukia maua.

Mzee akalinusa. Akaniuliza kwa utulivu kama suruali nazo nafulia humo humo. Kabla sijajibu, Nazario akawaeleza watu kwamba birika limechemka.

Kisiwa kizima kilicheka. Sabina, mwenye kicheko cha kufika gatini, hakucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Sabina alikuja asubuhi. Nilimkaribisha ndani; akabaki mlangoni. Alisema kofia ya Nazario inashika maji kwa uzi wake yeye, na kofia yangu inashika maji kwa sabuni, na angependa kujua amenikosea nini.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo: macho yangu, baridi, hila za Nazario. Badala yake ikanitoka kwamba uzi wake ungenichelewesha, nami nilitaka tuoane upesi. Sijui kwa nini nilisema kweli. Nilikuwa sijanywa chai.

Aliingia hatua moja. Akaiokota kofia yangu sakafuni, akamgusa ndege kwa kidole. Akasema ndege huyu wa kwenye matete alimjua tangu jana, pale pale uani, ila kishungi chake kimezidi.

Hakuna mtu aliyemwambia.

Kisha akanieleza ya Nazario, ambaye alikuwa amekwenda kwake mapema kuchukua jibu. Sabina alimwambia kwamba uzi ule haukusokotwa kwa ajili ya kichwa chake, na kwamba vidole vya mfumaji kama yeye vililijua hilo siku alipouchukua. Akamkalisha ukutani na kumtaka aufumue wote. Nazario akalalamika kwamba mwanamke anayefumulisha kofia ya watu hafai kuolewa. Sabina akamjibu, "Ndiyo maana siolewi na wewe. Haya, fumua." Akafumua, kitanzi kwa kitanzi, hadi nchani. Akarudi kwake kichwa wazi, na upepo wa leo ni wa baridi.

Bonge limerudi mikononi mwangu. Limejaa mawimbi kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Masharti ni haya: nitafuma kwake, juu ya ukuta wa ua, kila alasiri, yeye akisokota kando yangu. Mzee atapima tena kabla ya harusi za Mei. Ikivuja, tumeachana salama, na yeye hatanisokotea tena.

Alipogeuka kuondoka aliuona mfuko wa sabuni nilioutundika kwenye kamba ukauke. Akasimama. Akaushika ukuta. Akacheka hadi akakaa chini, na kule gatini nahodha akapiga honi.

Jumapili, 6 Aprili

Nafuma kwa Sabina. Uzi unabana wenyewe, kama alivyosema. Nikilegeza kitanzi, anakohoa, nami nakirudia. Nimefikia upana wa kiganja, na ndege wawili wenye vishungi vya kiasi. Mtalii mmoja alipita akasema, "Ndege." Nilimfanya arudie mbele ya nahodha.

Nimezifumua kofia zangu mbili, na Nazario nimemrudishia mabonge yake ya dukani, moja likiwa limeliwa kidogo. Ameyapokea, akayatia kwapani. Anafuma kofia mpya akitembea, lakini siku hizi hupitia njia ya juu.

Jana Mzee Celedonio alimwaga maji kiasi juu ya sehemu iliyokamilika. Akangoja. Akaguna. Sabina akaniambia nikiendelea hivi hivi, polepole, bila maarifa mengine yoyote, Mei tutakuwa mbele ya padri. Chai aliyonimiminia ilikuwa na sukari zaidi ya ile ya baba yake. Nimekubaliana naye kabisa. Somo nimelipata, na nimeliandika hapa lisije likasahaulika.

Hata hivyo, mtu mzima huwa na tahadhari. Leo nimemwagiza nahodha aniletee kutoka Puno mishumaa ya kanisani, ile minene. Akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Nikamwambia hakuna, nataka tu kuyeyusha kidogo, nipake upande wa ndani wa kofia yangu, siku moja kabla ya kupimwa.

Nta haitoi povu.