Vita vya Nati ya Gurudumu la Kulia

Sogeeni, enyi wa Makole, nanyi wa Chamwino, nanyi mliotoka Mvumi na vumbi lenu miguuni! Wekeni chini vikombe, mtulizeni mtoto aliaye, na wewe uliyesimama mlangoni ama uingie ama utoke, kwa maana ninayotaka kuyanena sina pumzi ya kuyanena mara mbili. Wengine wamewasimulia vita vya wafalme na majemadari, nanyi mkasinzia. Mimi nawaletea vita vilivyopiganwa hapa hapa Dodoma, barabara ya madukani, zama za utawala wa Mwingereza, baina ya mafundi wawili na nati moja. Na yule aliyesema juzi kilabuni kwamba “ilikuwa kubadilisha gurudumu tu,” namjua jina lake na namjua baba yake. Sitamtaja, lakini asikae karibu nami.

Mimi ni shahidi. Siku ile nilikuwa barazani kwa mshonaji, ng'ambo ya barabara, nimejifunga shuka kiunoni nangoja suruali yangu itiwe kiraka. Mtu asiye na suruali haendi popote, basi niliyaona yote.

Nipe ulimi, ewe Grisi, mlainishaji wa kila kikwaruzacho, uliye chini ya kucha za mashujaa wala sabuni haikuondoi! Nijalie nitaje kila pigo mahali pake, nisimpunje mtu sifa yake, wala nisiipunje nati sifa yake, maana ilipigana vizuri.

Wajueni kwanza mashujaa. Wa kwanza ni Yoramu mwana wa Ruthu, Mgogo wa Mvumi aliyehamia Makole, Mshika Nyundo, Msikiliza Injini, ambaye gari likikohoa huko stesheni yeye huinua kichwa kutoka kwenye bakuli lake la ugali na kuutaja ugonjwa. Wa pili ni Halfani, Bwana wa Jeki na Pampu, mtu mfupi mwenye kifua kipana, asemaye mara chache na kujuta mara nyingi. Hawakuwa na karakana hawa. Karakana yao ilikuwa baiskeli moja yenye sanduku la vyuma lililofungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, nao walikwenda kwa wenye magari, baraza hata baraza, kama wakunga. Wala hawakugusa malori. Wao walikuwa mafundi wa magari ya mbio, yale madogo yasiyo na paa, yenye viti viwili, ambayo Wazungu waliolima karanga kule Kongwa waliyauza hima hima siku mashamba yalipokufa nao wakafunga mizigo. Katika Ugogo nzima yalibaki matatu tu, na lililopendeza kuliko yote lilikuwa jekundu, mali ya Jayant, kijana mwenye duka la samli.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinapiganiwa, msije mkadhani watu walitoka jasho kwa ajili ya chuma. Ruthu, mama yake Yoramu, macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho kwa miaka mingi. Tangu Jayant alinunue lile gari, mwaka wa pili sasa, Yoramu alirudi nyumbani kila jioni akakaa miguuni pa mama yake, akamsimulia: taa zake, ngurumo yake, urefu wa boneti yake, jinsi ng'ombe wanavyolipisha njia. Na kwa kuwa mama haoni, na kwa kuwa mwana anampenda, gari liliongezeka urefu kila jioni. Kisha Ruthu akapelekwa hospitali ya misheni kule Mvumi, akapasuliwa, na habari ikaja kwamba kitambaa kimefunguliwa, mama anaona. Akaomba jambo moja tu, arudi nyumbani ndani ya gari jekundu. Yoramu akaahidi, Jayant akakubali, na mama akawatangazia wauguzi wote na wagonjwa wote. Lakini gari lisipofika kabla ya alasiri, angepakiwa juu ya lori la magunia ya uwele. Hapo wodi nzima ingejua kwamba mwana wa Ruthu ni mtu wa maneno matupu, na Ruthu mwenyewe angejua hivyo.

Basi asubuhi ya siku ile Yoramu akaja na shati jeupe, amelipiga pasi mpaka kola inasimama peke yake. Akalikuta gari mbele ya duka limeinama upande. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa limelala chini, na ndani yake mwiba wa mgunga, mrefu, mweupe, mwenye kiburi.

“Gurudumu la akiba lipo,” akanena Yoramu, akikunja mikono ya shati. “Ee Jayant, mwana wa Damyanti, agiza chai, kwa maana haitapoa kabla sijamaliza.”

Chai ile ilipoa, nayo ikanywewa na nzi.

Maana gari lile halikufungwa magurudumu kama magari ya watu wengine. Katikati ya kila gurudumu palikuwa na nati moja kubwa yenye masikio mawili, nayo hupigwa sikio kwa nyundo mpaka ilegee. Magurudumu ya kushoto Yoramu alikwisha kuyafungua mara nyingi asizozikumbuka, kwa sababu kushoto ndiko ukingoni mwa barabara, na ukingoni ndiko miiba iliko. La kulia halikupata kuchomwa hata siku moja. Huenda nati zile zilikuwa zimechorwa maneno ya kumwelekeza fundi, lakini Mama Damyanti, mama yake Jayant, mwanamke asiyevumilia uchafu, alizisugua kwa jivu na ndimu kila sikukuu mpaka zikawa laini kama kijiko. Basi shujaa wetu akainua nyundo, akaipiga nati upande ule mkono wa fundi uliouzoea, kushoto.

Nati haikusema kitu.

Akaipiga tena, na tena, hata mbwa wa barabara ile wakahama. Halfani akapokea nyundo, akapiga kwa jina la Mungu, kisha akapiga kwa majina mengine. Nati ikakaa kimya mahali pake. Yoramu akasimama wima, akaielekezea nyundo, akaihutubia mbele ya watu, kwa kuwa watu walikwisha kujaa:

“Ewe chuma mkaidi! Unamjua unayemzuia? Nimefungua injini zilizofungwa na kutu tangu vita vya Wajerumani! Nimetoa plagi zilizokata tamaa! Toka kwa heshima, nami nitakupaka mafuta. Kaa, nami nitakufuata mpaka kwa aliyekufua!”

“Inasikia Kiswahili kweli?” akauliza Mama Damyanti kutoka mlangoni.

“Mama, ni vita,” akasema Jayant. “Usiwavunje moyo.”

“Mimi naleta samli,” akasema mama, akaingia ndani. Akarudi na bakuli la samli ya moto, akaimwagia nati ile kama mtu anayemkaribisha mgeni. Harufu ikatanda barabara nzima, na watu waliokuwa wakienda zao wakageuka wakiulizana ni arusi ya nani.

Ndipo akaitwa Yahaya. Yahaya, hamali wa stesheni, Mbeba Magunia Mawili, ambaye kivuli chake peke yake kilitosha kumpumzisha punda. Wakatafuta bomba refu la maji, wakalifunga kwa kamba kwenye sikio la nati, Yahaya akalishika, Halfani nyuma yake, nyuma ya Halfani kijana wa duka la nguo na muuza maji. Nami nikaona si haki historia ipite mbele yangu nimekaa. Nikavuka barabara na shuka langu, mkono mmoja nikishika shuka, mkono mmoja bomba.

“Vuteni, wanaume!” akanguruma Yoramu. “Mama yangu yuko barazani Mvumi anatazama njia!”

Tukavuta. Gari likalia, bomba likapinda, na shuka langu likanitishia aibu ambayo sitaisimulia. Nati ikasogea kidogo! Tukashangilia! Tukavuta tena, na tena ikasogea, kisha ikagoma kabisa, ikawa kama imeota mizizi.

Jua lilikuwa limefika utosini. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakijifanya wamekumbuka shughuli. Jayant akaitazama saa yake, akamtazama Yoramu, akasema kwa upole, “Fundi, nimtume mtu amwambie mama apande lori?”

Yoramu akajitazama kifua. Shati lile jeupe lilikuwa na rangi ya barabara. Nilimwona uso wake kwa karibu, na nawaambieni ukweli bila madoido, mtu yule alikuwa anakaribia kulia. Akaichukua nyundo kwenda kuitia sandukuni. Alipopita mbele ya nati, hasira ikamshika. Akairushia pigo moja la mwisho, ovyo, upande wa pili, si kwa ufundi bali kwa kuitukana.

Nati ikatoa sauti nyembamba, ikasogea upana wa punje ya uwele.

Yoramu akaganda. Halfani akamsogelea polepole, akainama, akatazama. Kisha akatazama mbele ya gari, kisha nyuma ya gari, kisha mikono yake mwenyewe.

“Yoramu,” akanong'ona.

“Nyamaza.”

“Yaani tangu asubuhi tulikuwa tuna...”

“Nyamaza, Halfani, watu watasikia.”

“Ndugu yangu, hizi nati hufunguka kuelekea gari liendako. Upande ule mwingine, mbele iko kushoto kwako. Huku mbele iko kulia. Tumekuwa tukiikaza. Yahaya ameikaza. Na huyu wa shuka ameikaza.”

“Na samli je?”

“Samli imetusaidia kukaza.”

Niliyasikia haya kwa sababu nilikuwa bado nimelishika bomba. Mwenye akili fupi ataliita jambo hili kosa. Mimi nauliza, ni jeshi gani katika majeshi yote lililomjengea adui ngome kwa mikono yake, likaiongezea mawe asubuhi nzima, kisha likaibomoa siku ile ile? Kuifungua nati iliyokazwa na mtu mmoja ni kazi ya fundi yeyote. Hii ilikazwa na mtaa mzima.

Yoramu akageuka, akapanda juu ya sanduku lake la vyuma, na sauti ikamrudia.

“Rudini, mashujaa! Rudi, Yahaya! Adui tumemchosha upande mmoja kwa makusudi. Sasa anadhani tumekata tamaa. Tumzunguke upande wa pili!”

“Kumbe ulikuwa mpango!” akasema Yahaya kwa heshima kubwa, akatema mate mikononi.

Halfani akatazama chini. Tukaligeuza bomba, tukavuta kuelekea mbele, mtaa mzima dhidi ya nguvu za mtaa mzima, na Mama Damyanti naye akalishika bomba mwishoni kwa vidole viwili, maana samli ilikuwa yake. Pigo la kwanza, hapana. La pili, nati ikalia kama mlango wa zizi. La tatu, ikaachia, nasi sote tukaanguka mavumbini, Yahaya juu ya muuza maji, na mimi chini ya watu ambao sikuwahesabu. Yoramu akaizungusha nati kwa mkono mmoja, akaitoa, akaiinua juu ya kichwa chake iking'aa kwa samli. Vigelegele vikapigwa, kengele za baiskeli zikalia, na mshonaji akasimamisha cherehani yake katikati ya kiraka changu.

Gurudumu la akiba likaingia, nati ikarudi, nao wakaondoka, Jayant usukani na Yoramu pembeni yake, vumbi nyuma yao likipanda mpaka juu ya mabati.

Ya Mvumi sikuyaona. Nimeyapata kwa Jayant, ambaye hasemi uongo ila katika bei ya samli. Anasema lori lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Ruthu alikuwa amesimama karibu nalo na kifurushi chake, anakataa kupanda, anawaambia watu, “Anakuja. Mwanangu anakuja na gari jekundu.” Gari likaingia likinguruma, likasimama mbele yake.

“Shikamoo, mama,” akasema Yoramu.

“Marahaba, baba.”

Mama akalitazama gari kutoka taa mpaka mkia, na haikumchukua muda.

“Ndilo hili?”

“Ndilo, mama.”

“Mbona dogo?”

Jayant anasema wauguzi walicheka, naye Yoramu akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye chungu. Ndipo Ruthu akamshika kidevu, akamwinua uso, akautazama uso ule uliojaa grisi na vumbi kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

“Wewe ndiye uliyekua mkubwa,” akasema. “Macho yangu yalikuacha huna ndevu.”

Na Yoramu, Mshika Nyundo, akalia pale pale mbele ya lori.

Jioni tuliwapokea Makole. Ruthu ameketi kiti cha mbele, kanga imepepea njia nzima, na Yoramu kalala juu ya gurudumu lililotoboka huko nyuma, ameng'ang'ania kama kupe. Watu wakawazunguka, Yoramu akashuka, akaanza kuisimulia nati: masikio yake, ukaidi wake, unene wake, na kila jirani aliyesogea aliikuta imenenepa zaidi.

Ndipo yule wa kilabuni, ambaye nimesema sitamtaja, akaguna. “Nati ya gurudumu inaweza kuwa kubwa kiasi gani?” Akamgeukia Ruthu. “Mama, wewe sasa unaona. Hebu itazame, utuambie.”

Ruthu akashuka, akaliendea gurudumu la nyuma la kulia, akainama. Nati ilikuwa pale mbele yake, haizidi kiganja cha mkono. Akaitazama vizuri. Kisha akainuka, akajifunga kanga, akamtazama mwanawe.

“Kubwa!” akasema. “Mungu wangu, ni kubwa kuliko jiwe la kilima cha Mlimwa!”

Basi ndivyo ilivyokuwa, nami ndivyo ninavyoitangaza. Katika umati ule wote hapakuwa na macho mapya kuliko yake.