Supu ya Nyayo, Bila Tambi

Alhamisi, mwezi wa Mehr, tarehe 3
Binti yangu Golnar kaondoka. Hamburg, masomoni. Nimemwaga maji nyuma ya gari ili arudi salama, kama mama alivyotufanyia sisi, nikamlowesha dereva viatu kabla hajapanda. Tangu mama yake afariki tulikuwa wawili tu humu ndani. Sasa birika zima la chai ni langu. Silitaki!

Jumamosi lazima nipike supu ya nyayo. Siku ya tatu msafiri hupikiwa supu ya tambi, majirani wakala, naye akarudi salama. Mama alinipikia nilipokwenda jeshini. Nikarudi. Tena mnene!

Dada yangu Turan kapiga simu kusema atapika yeye, kama kawaida. Nimemkatalia. Baba ni mimi! Isitoshe, daktari kanikataza chumvi na mafuta, na supu ya Turan huogelea mafutani. Nitapika ile ile, ila ya afya. Mtaa mzima utaisifu. Turan atanyamaza, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Ijumaa, Mehr 4
Sokoni. Mchicha, kotimiri, dengu, maharage. Tambi zina chumvi. Nje! Nitatia shayiri. Kashki, yale maziwa makali ya kuchacha, chumvi tupu. Nje! Mtindi usio na mafuta. Vitunguu na nanaa sikaangi, nachemsha.

Turan akapita kuchungulia kapu. Kauliza tambi ziko wapi. Nilipomtajia shayiri akajishika kifua. Eti tambi ndizo uzi unaomvuta msafiri nyumbani, kwani nataka mtoto apotelee huko? Nikamwambia hayo mambo ya kizamani. Akasema na wewe babu wa kizamani, ila huna ladha.

Jumamosi, Mehr 5
Nimepika. Rangi ya tope, lakini tope lenye afya. Bakuli kila mlango. Ushindi! Wote wamenishukuru, wakaniombea mkono wangu usiumie. Bi Akhtar wa nyumba ya mbele kasema maishani mwake hajaonja supu kama hii. Hajaonja! Nilimpigia Turan nimweleze. Kacheka mpaka akapaliwa.

Jumapili, Mehr 6
Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Huwekwa zabibu, au nabati, sukari ya mawe ya kunywea chai. La Bi Akhtar limerudi limejaa pomoni. Supu yangu mwenyewe! Kasema ina baraka mno, kaona haya kuimaliza peke yake. Mengine nayo hivyo hivyo. Wamekubaliana hawa.

Jioni simu ya Golnar. Begi limepotea njiani. Tena kapata kazi ya likizo, huenda Nowruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, asije. Nikamwambia vizuri mwanangu, kazi ni kazi. Kisha nikakaa chini jikoni, sakafuni. Uzi! Nimeukata mwenyewe.

Jumatatu, Mehr 7
Nimekwenda kwa Turan, mkia nimeufyata. Nilidhani atanisimanga. Kanipa kisu tu, akasema katakata vitunguu, mjinga wewe, mtoto ni wetu sote. Tambi zikaingia. Nanaa ilipogusa mafuta ya moto nikamwona mama kabisa: uani kwetu, sufuria ya shaba, sisi wawili tunagombea vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Jamani, mama! Turan kajifuta macho kwa ushungi, akasingizia vitunguu, navyo vimeshaiva zamani. Nimekula mabakuli mawili. Daktari asijue.

Alhamisi, Mehr 10
Golnar kapiga! Begi limeonekana. Kazi kaikataa, kasema Nowruz bila nyumbani haiwezi. Anakuja! Nimelia kama mtoto, simwonei haya mtu.

Turan anatangaza mtaani kwamba ni tambi zake. Upuuzi! Shayiri hukawia kuiva, kwa hiyo hukawia kufanya kazi, mpishi yeyote anajua. Nimemwambia Golnar asiwe na wasiwasi, supu yangu ipo yote, nimeigandisha, inamngoja yeye. Kisha kauliza, kwa upole kabisa, kama akifika anaweza kupitia kwanza kwa shangazi yake, ale huko huko.

Mtoto ana adabu huyu! Anataka kuja kwangu ameshiba, asinimalizie supu.