Jina Lililokatika Saa Nne na Dakika Ishirini

Jumatatu, 13 Februari 2023

Habari mbaya tangu asubuhi. Madame Gisèle, mkuu wa ofisi yetu ya kusaidia wakimbizi hapa Munigi, anasema wafadhili wamechoka. Mafundi wa mtandao tuko wawili. Kuanzia Machi atabaki mmoja. Mimi, Fortunat Zihindula, miaka kumi na moja kwenye ruta na swichi, mashine zinazopitisha mtandao. Au Lionel! Lionel wa diploma ya Kampala, mwenye viatu visivyoyajua mawe ya volkano. Kila anachobadilisha anakiandika kwenye daftari ili wote wasome. Fundi gani huyo anayegawa siri zake bure? Lazima aonekane si kitu.

Jumanne, 14 Februari

Nafasi imepatikana! Perpétue, mama anayefagia ofisi, alikimbia vita upande wa Rutshuru akiwa na mimba. Mama yake mzazi, Mukamugema, alishindwa kutembea, wakapotezana njiani. Miezi mitatu bila habari. Sasa bibi ameonekana, amelazwa kwenye kituo cha afya cha parokia moja, lakini kati yetu na yeye kuna vita. Barabara imefungwa, simu hazishiki. Parokia ina antena ya setilaiti tu. Padri amekubali wapige simu ya picha kwa antena hiyo, Alhamisi saa nne asubuhi. Nusu saa, betri yao haiwezi zaidi.

Perpétue alinieleza kinachomkosesha raha. Binti aliyemzaa kambini ana wiki sita na hana jina. Katika ukoo wao bibi ndiye humpa mjukuu jina, na yeye hawezi kumruka mama yake angali hai. Padri anaandika kwamba bibi amedhoofika sana. Nilimwambia asihangaike, mimi nipo. Alilia. Mimi pia, kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba Madame Gisèle atakuwa chumbani, anatazama.

Jumatano, 15 Februari

Mpango ni huu: simu iwe safi kuliko zote, na ijulikane ni kazi ya nani. Nimebadilisha neno la siri la ruta, Lionel asipate pa kuingilia. Sijalihifadhi bado, nitahifadhi yote kwa pamoja kesho. Tena kuna ule waya wa buluu, wa kuchomeka kompyuta kwenye ruta yenyewe pale mlango wa kawaida unapogoma. Ofisi nzima ina mmoja. Sasa uko nyumbani kwangu Katindo, chini ya godoro. Lionel aliutafuta mpaka nyuma ya friji. Nilimsaidia kutafuta.

Alhamisi, 16 Februari

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Saa tatu na dakika ishirini niliingia kwenye ruta. Nikahamishia simu kwenye antena mpya niliyoifunga jana, ya zamani nikaishusha kabisa kutoka juu ya paa. Kwa kazi kama hiyo fundi hujiwekea kamba ya usalama, nami nilijiwekea kwanza: unaiagiza ruta ijizime na kuwaka upya baada ya saa moja. Ukikosea ukajifungia nje, itaamka na mipangilio yake ya zamani, na wewe utaingia. Ukifaulu, unafuta agizo na kuhifadhi kazi. Nilifaulu! Nikakimbia kumwita Madame Gisèle aje aone.

Sikufuta agizo. Sikuhifadhi kazi.

Saa nne kamili bibi alitokea kwenye kioo cha kompyuta, mdogo sana ndani ya blanketi. Perpétue aliinua mtoto. Bibi alimtazama, akacheka, akauliza kama ananyonya vizuri. Wakataja waliokufa njiani, mmoja mmoja, na hiyo ilichukua muda. Wote tulilia, hata Lionel. Mimi nililia pale ambapo Madame angeniona. Kisha bibi akasema wamsogeze mutoto karibu, amuite jina lake. Akafungua mdomo. Saa nne na dakika ishirini. Kioo kikawa cheusi.

Ruta ilikuwa imetii agizo langu.

Ilichukua dakika nne kuamka, na ikaamka inaitafuta antena ambayo imelala uani. Neno la siri nalo limerudi lile la zamani. Mimi nikaandika jipya. Likakataliwa. Nikaandika tena, kwa nguvu. Tena! Ukikosea mara tatu, ruta yetu inafunga mlango kwa kila mtu dakika kumi. Lionel akaulizia waya wa buluu. Nikatazama dari. Tulipoingia, betri ya parokia ilikuwa imekwisha.

Perpétue hakupiga kelele. Alibaki mbele ya kile kioo, mtoto mapajani. Akaniuliza: "Papa Fortunat, alisema nini? Weye ulisikia?" Sikusikia. Nilikwenda kulia chooni.

Madame Gisèle aliuliza nani amegusa ruta. Nilisema ni umeme.

Jumamosi, 18 Februari

Padri ameandika. Mukamugema alifariki jana, watamzika kulekule. Perpétue alifagia ofisi yote kama kawaida, hata chini ya kabati la vifaa. Kabla ya kutoka aliniuliza kama ndani ya mashine halijabaki neno. Hata kipande tu.

Ruta haihifadhi sauti. Inapitisha na kusahau. Lakini kwa uso ule, nani angethubutu kusema? Nilimwambia nitatafuta. Roho inaniuma. Ila nina mpango.

Jumatatu, 20 Februari

Nilijifungia chumba cha vifaa saa mbili nzima, waone natafuta. Nikatoka nimekunja uso, nikamwambia Perpétue limepatikana. Bibi alisema: Fortunata.

Perpétue aliweka ufagio chini. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akasema taratibu kwamba mama yake hakusoma, na jina kama hilo hata ulimi wake usingeliweza. Nikamweleza kwamba setilaiti iko juu sana, maneno hushuka yamechakaa. Akanishika mkono. "Aksanti, papa. Umehangaika." Akaenda kumwandikisha mtoto.

Baadaye nilichungulia daftari la kambi. Msichana, wiki saba, mama yake Perpétue. Mahali pa jina pameachwa wazi. Karani mvivu!

Jumanne, 21 Februari

Lionel amenivuta pembeni. Eti Perpétue alimuuliza tangu Ijumaa, naye akamweleza kwamba mashine hizi hazibaki na sauti. Eti jana alijua ninamdanganya, akanihurumia. Wivu mtupu! Kujikwaa si kuanguka.

Na Mungu hamtupi mja wake. Padri ataonyesha kaburi kwa setilaiti, Ijumaa saa nne, Perpétue apate kumuaga mama yake. Madame Gisèle atakuwepo. Nimeshamwambia Lionel kwamba Madame amempa ruhusa ya kupumzika siku hiyo. Madame mwenyewe bado hajui.