Nani Alimwekea Chui Sumu?

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, na wiki ndiyo inaanza. Mama Njambi, mwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Satellite, ameenda matanga Murang'a. Ameniachia mbwa wake, Chui. Akirudi atachagua keateka: mimi, au Nzioka wa chumba cha juu. Keateka, yaani mtunzaji wa ploti, hukaa bure. Chui ana upele, anajikuna mpaka damu. Mama aliagiza nimpeleke kliniki. Kliniki, kwa upele? Fundi wa magari hapo nje amenipa oili chafu. Nimempaka mwili mzima. Anang'aa! Kazi ni yangu.

Jumanne, 4 Machi
Mjinga amejilamba. Ametapika mlangoni kwangu, kisha ngazini, miguuni pa Nzioka. Nzioka akauliza kulikoni. Nikasema kile kila mtu Nairobi husema mbwa akiugua: wezi wamemwekea sumu. Nikampigia Mama, nikamwambia hivyo hivyo. Amelia. Nimejisikia vibaya, lakini kidogo.
Balaa! Ploti imesikia sumu, na dawa ya sumu wote wanaijua: maziwa. Wameshuka na pakiti. Kuna aliyeleta mala, yale maziwa ya kuganda. Hata Nzioka, bahili yule, ameleta. Ningekataaje? Chui amekunywa yote.

Jumatano, 5 Machi
Anaharisha. Nimepiga deki, nimepiga deki tena. Mgongo umekwisha. Jioni wapangaji wameamua kulinda geti kwa zamu kwa sababu ya wale wezi wangu. Wameanza na mimi. Wueh!

Alhamisi, 6 Machi
Hasimami. Fizi zimekauka. Nimeogopa, jamani. Nzioka amembeba mabegani mpaka kliniki kule Dagoretti, mimi nyuma na ndoo. Daktari Debra akauliza amekula sumu gani. Akasema sindano ya kutibu sumu si mchezo, ukimpa mbwa ambaye hakula sumu unaweza kummaliza. Alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba! Nikamtazama Nzioka. Nikamtazama Chui. Akanitikisia mkia, mjinga yule. Nikasema ni oili. Na maziwa.
Debra akaweka sindano chini. Akasema oili ni mbaya kwa mbwa ndani na nje, maziwa hayaondoi sumu, yamemharisha tu, na upele una dawa yake ya sindano na ya kuogeshea. Amemtundikia dripu. Nzioka akatoa simu. Alikuwa anamwandikia Mama Njambi.

Jumapili, 9 Machi
Chui anakula, anabweka. Nimefurahi, sikatai. Mama Njambi amerudi. Keateka ni Nzioka. Mimi nimeambiwa nisiguse hata kuku wake. Nikalala mchana kutwa.
Jioni nikakutana na Kibe, mwenye ploti ya jirani. Anatafuta keateka! Alikuwa na mbwa wake, macho yamejaa tongotongo, wako njiani kwenda kwa Debra. Nikamwambia aokoe nauli, magonjwa ya mbwa nimeyazoea. Amemrudisha nyumbani. Sasa natafuta chumvi ya kumtia machoni.