Oili Yangu Dhidi ya Oili ya Nati

Jumatatu, 3 Machi

Nati kaniharibia tena. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi magari mwenye gereji mkabala na duka langu la oili. Leo nilibakiza kidogo tu nimuuzie Mwenyekiti wa madereva teksi. Nati akavuka barabara bila kualikwa, akachovya kidole kwenye oili yangu, akaisugua, akainusa kama mchuzi. Akasema ni nyepesi mno, inafaa cherehani. Mwenyekiti akaondoka na dumu la oili nzito kutoka gereji.

Kipimo cha Nati ni kidole. Kidole chenyewe hakijatakata tangu aoe.

Nimeamua kumpiga kwa sayansi. Nimeingiza chupa mbili kwenye friji, moja ya oili yangu, moja ya kwake.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la baridi, mbele ya madereva. Nikadondosha gololi kwenye kila chupa. Katika oili yangu ilizama papo hapo. Katika ya Nati ilishuka kwa maringo, kama ina ukumbi mzima unaitazama. Nikaeleza kwamba asubuhi injini ikiwa baridi, oili nyepesi huwahi kufika kwenye vyuma. Nilieleza vizuri hadi nikajionea wivu.

Mwenyekiti akasema ameelewa kabisa: oili ya Nati imeishika gololi, yangu imeiacha ianguke. Akaagiza dumu la pili. Gereji.

Mke wangu anauliza kwa nini maziwa yananuka lori.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la joto, uani kwangu. Vikaango viwili, majiko mawili. Itakayotoa moshi kwanza imeshindwa. Jiko la Nati nililijaza makaa hadi pomoni. Langu niliweka ya kuzugia. Huo si wizi, ni maandalizi.

Nilipokwenda kuwapokea madereva getini, mke wangu akapita na beseni la nguo, akaona vikaango vimemzibia njia, akavisogeza. Akavirudisha kinyume. Oili yangu ilifuka moshi hadi jirani akaanua nguo zake. Nati alikohoa kwa furaha.

Mke wangu kachukua vikaango vyake. Kasema chakula nikatafute dukani, nikaange sayansi.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limekuja nikiwa nakula mkate mkavu juu ya dumu. Nitaimwaga chini oili yote ya injini ya gari, niwashe, niiache ingurume bila tone. Oili yangu huacha utando unaolinda chuma hata ikishamwagwa. Nadhani. Gari lenye oili yangu ni moja tu mjini: la mama mkwe, anayeshona sare za wanafunzi na kuzisambaza mwenyewe.

Nikaenda kumwamkia. Nikamwambia nataka kumfanyia gari sevisi, wema tu.

Akanitazama juu ya miwani. "Wema wako uliopita ulinitoboa paa, baba. Kesho mchana nina sare za kupeleka shule."

"Litakuwa tayari, mama."

Kanipa ufunguo. Anaamini binti yake hakuolewa na mjinga.

Ijumaa, 7 Machi

Nati alikuwa amekwenda kununua vipuri. Bora, maana gari ni la mama yake, angeleta uchungu. Nikaingia chini, nikafungua nati ya kumwagia. Oili ikatoka nyekundu kama juisi. Nikajua ndivyo inavyokuwa ikishafanya kazi.

Nikawasha. Injini ikaimba. Robo saa nzima, bila hata taa ya oili kuwaka. Madereva wakapiga makofi. Mwenyekiti akanikumbatia, akasema kuanzia sasa teksi zote zitanunua kwangu. Nati akarudi, akatega sikio, akakificha kidole mfukoni. Siku njema kuliko ya harusi yangu.

Mama mkwe alipofika nilikuwa nimeshamimina oili mpya. Akaondoka. Moshi mweupe ukafunika barabara. Kwenye kona gari likanguruma, likagoma kwenda mbele wala nyuma.

Nati akaingia chini. Akatoka, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakaa kwenye ukingo wa barabara huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Shemeji, umemwaga ya giaboksi. Injini ilikuwa na oili yake muda wote, na wewe umeiongezea nyingine."

Mwenyekiti alikuwa karibu. Alisikia.

Mama mkwe hakufoka. Alifungua buti, akanionyesha marobota ya sare, kisha akanionyesha njia ya shule.

Jumamosi, 8 Machi

Shingo haigeuki. Giaboksi iko mezani kwa Nati, vipande vipande. Mama mkwe kasema hadi ipone, msambazaji wa sare ni mimi. Nimepita kituo cha teksi na robota kichwani. Wote wamenipigia honi. Mwenyekiti ameuliza kama nimemwagika.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Injini ilinguruma bila kasoro, hilo hakuna anayeweza kulikanusha. Kosa ni la aliyezipanga nati mbili karibu karibu.

Oili basi. Mafuta ya breki ndiyo yenye soko, na Nati hayauzi. Kinachotakiwa ni mteremko mkali, watazamaji, na chombo kimoja cha kufanyia jaribio. Baba mkwe ana pikipiki. Nimempigia simu, nimemwambia nataka tu kumwoshea.